Fahali Tuliyemficha Nyuma ya Kilima

Siku ile watu wa mradi walipofika Kinna kutafuta fahali wa Kiborana wa asili, mimi ndiye niliyemficha wa kwetu. Nasema mapema ili mtu asidhani nitazungukazunguka. Gari lilipoonekana tu likitimua vumbi kule barabarani, nilimtoa zizini, nikampitisha nyuma ya nyumba, nikamswaga hadi nyuma ya kilima na kumfunga kamba kwenye mti wa miiba. Halafu nikarudi, nikajifuta vumbi, nikawakaribisha wageni chai.

Mimi ni mtu wa kushuku na sioni aibu. Nimeuza maziwa Bulla Pesa, mtaa wa mjini Isiolo, zaidi ya miaka ishirini, na muuza maziwa mwenye roho ya kuamini huishia kuuza maji. Mtungi ukishuka kwenye lori naufungua mwenyewe, nanusa, naonja, nadondosha tone kwenye ukucha nione kama litakaa au litakimbia. Hata dada yangu, tumbo moja, nimewahi kumrudishia mtungi mzima mbele za watu. Alininunia mwezi mzima. Sasa mgeni akishuka na fomu na tabasamu, kwa nini nimwamini yeye kuliko dada yangu?

Na si biashara tu iliyonifundisha. Kwetu hatuhesabu ng'ombe kwa sauti, na mgeni hatumwonyeshi yule mzuri. Akiuliza mko na wangapi, jibu ni "wachache tu." Aking'ang'ania kuona, anatolewa wale wa mbavu nje. Kuna mambo ya jicho, ndiyo, lakini kuna zaidi ya jicho. Bibi yangu, mama yake baba, alitusimulia jinsi wakati wa vita vya shifta, serikali ikipigana na waasi wa kaskazini, askari walivyokuja asubuhi wakahesabu zizi kwa zizi, kwa upole kabisa, wakaandika. Walioandikwa wakaswagwa, na hakuna aliyerudi. Waliofichwa korongoni ndio waliotulisha. Mmoja wao alikuwa mtamba mweupe wa masikio meusi.

Huyo mtamba ndiye mama wa ng'ombe wangu wote. Kwetu mtoto akizaliwa hupewa ng'ombe wake, tunamwita handura, ng'ombe wa kitovu. Atakaowazaa ni wa yule mtoto mpaka kaburini, na hakuna mjomba wala mume wa kuingiza mkono. Mimi nilipewa wa uzao wa yule mtamba. Nilijua ukoo wake kabla sijajua kuandika jina langu: mweupe wa masikio meusi alimzaa mwenye baka kwenye paji, mwenye baka akamzaa wa pembe iliyokunjwa, wa pembe iliyokunjwa akamzaa yule aliyelelewa kwa maziwa ya mbuzi baada ya simba kuua mama yake, na huyo ndiye handura yangu. Fahali niliyemfunga nyuma ya kilima alikuwa wa uzao wake.

Kwa mtu wa mjini, ng'ombe wale si kitu. Maziwa yao hayajazi sufuria. Lakini watatembea siku mbili bila maji, watakula kichaka ambacho ng'ombe wa gredi, wale wa damu ya kizungu, atakinusa na kukiacha, na ukame ukipita ndio utawasikia bado wakiita ndama wao. Shida ni kwamba siku hizi kila mtu anataka gredi. Fahali wanaletwa kutoka milimani, wakubwa, wekundu, wa kupendeza machoni, wanapanda kila jike, na ndama wanazaliwa warefu kidogo, wenye tumbo kidogo, na kiu nyingi. Hata baba yangu alikuwa na mmoja wa hivyo, fahali wetu wa pili, ambaye mama yake alikuwa nusu gredi. Ukimwangalia haraka ungesema ni Kiborana kamili. Nundu anayo. Rangi anayo. Sisi tu ndio tuliojua.

Basi wageni wakaketi. Mkubwa wao alikuwa daktari wa mifugo, Mmeru wa makamo, sauti ya chini, viatu vimeshonwa mara mbili. Alitusalimu kwa salaam aleikum. Nikajiambia, aka, mtu wa kwenda kanisani akianza na salaam, ana jambo. Alinywa chai yetu yote, hata majani ya chini, nikashuku na hilo.

Alieleza kwa utaratibu. Kwamba ng'ombe wa asili wanapungua kwa sababu damu inachanganywa bila mtu kuangalia. Kwamba wao wanachukua mbegu ya fahali safi, wanaiweka kwenye mirija midogo, wanaigandisha ndani ya mtungi wa baridi kali, na itakaa humo miaka na miaka. Siku mtu akipoteza mifugo yake, atakuja aombe, apandishiwe ng'ombe wake kwa sindano, na ule ukoo urudi. Bure.

Bure! Neno hilo ndilo lililonimaliza kabisa. Nani amewahi kuleta kitu cha bure Kinna ambacho hakikuwa na mkia nyuma yake? Tayari tulikuwa tumesikia maneno: kwamba mbegu zinauzwa ng'ambo, kwamba fahali akishapitishiwa mashine yao hapandi tena, kwamba leo wanaomba mbegu na kesho wanakuja na karatasi kusema ng'ombe ni wao. Sikuwa na ushahidi hata wa punje. Sikuuhitaji.

Baba, ambaye magoti yalikuwa yamemshinda na alikuwa ameketi kwenye kigoda, aliniambia kwa Kiborana niende nikamlete fahali. Nikamjibu kwa Kiborana vilevile, nikitabasamu ili wageni wadhani tunazungumzia sukari, kwamba akiharibika nani atatupa mwingine. Akasema handura ni yangu, uamuzi ni wangu, akageuza uso akatazama zizi.

Nikawatolea yule wa pili.

Mambo ya mashine sitayaeleza, mimi ni mtu mzima na heshima zangu. Waling'oa pia nywele chache za mkia, wakatia kwenye bahasha. Halafu daktari akafungua fomu akaniuliza ukoo wa fahali. Hapo ningeweza kubuni chochote, lakini sijui ni kiburi gani kilinipanda. Nilisimama kando ya yule nusu gredi, nikautaja ukoo wa kweli, wote, kuanzia mtamba wa korongoni mpaka handura yangu na uzao wake. Aliandika kila neno. Pale kwenye maziwa ya mbuzi aliinua kichwa akaomba nirudie, akaandika tena, akatikisa kichwa kwa furaha ya kweli. Mimi moyoni namcheka. Namwona mjinga wa mwisho, mtu amesoma mpaka amekuwa daktari na bado anaamini chochote anachoambiwa na mwanamke anayemmiminia chai.

Gari lilipoondoka baba alisema neno moja tu.

"Umewapa ukoo, ukawanyima mwenye ukoo."

Nilikwenda kumfungua fahali wangu nyuma ya kilima. Alikuwa amelala kivulini anacheua, hana habari.

Nilingoja ubaya utokee. Haukutokea. Yule wa pili aliendelea kupanda majike kama kawaida, hakuna aliyekuja na karatasi, hakuna aliyedai ng'ombe wetu. Na hilo likanitia shaka zaidi, kwa maana mtu mbaya mwenye subira ndiye mbaya zaidi. Baadaye chifu aliita baraza, wale watu wakarudi kusema majibu yao. Mimi nilikuwa mjini na maziwa yangu, sikwenda. Nilisikia tu kwamba mradi unahamia kwingine na kwamba watu walicheka chinichini barazani. Nikacheka na mimi huku Bulla Pesa, nikijiona nimeokoa nyumba.

Kisha ukame ukaja. Mvua ilikosa msimu wa kwanza, ikakosa wa pili, baadaye tukaacha kuzungumza juu ya misimu. Yule wa pili alianguka mapema, kama tulivyojua ataanguka. Tukahamisha waliobaki mpaka upande wa Gotu, karibu na mto, na kila mtu alikuwa amehamisha wake huko huko. Fahali wangu hakuuawa na njaa. Siku moja mifugo ilisukumana kwenye maji, akakwama kwenye tope, na alipotolewa miguu ya nyuma ilikuwa imekataa. Tulimwinua kwa miti na kamba asubuhi na jioni. Siku ya tatu alikataa hata kuinua kichwa. Nililia mbele ya watu wazima, nikiwa nimeshika sikio lake, wala sikujali nani ananiona.

Mvua iliporudi ndiyo iliyomaliza wengine. Baridi iliwapiga wakiwa mifupa mitupu, wakawa wanalala usiku hawaamki. Baba naye kifua kilimbana siku zilezile, tukamzika Kinna. Katika ukoo wa mtamba wa masikio meusi akabaki ng'ombe mmoja, jike wa uzao wa handura yangu, naye si kijana. Nikamkodia nafasi kwenye lori, nikamleta Bulla Pesa, nikamfungia nyuma ya ploti ninayopanga. Wapangaji walilalamika juu ya harufu. Nikawaambia kama harufu ya ng'ombe inawasumbua wangepanga Nairobi.

Sasa hesabu yangu ilikuwa moja tu. Ng'ombe huyu ana uzazi mmoja ndani yake, labda miwili. Akipandwa na gredi, ukoo umekwisha. Asipopandwa kabisa, umekwisha vilevile. Nilirudi Kinna nikazunguka nyumba kwa nyumba nikiuliza fahali safi wa Kiborana. Kila mmoja aliniambia hana, walikufa wote. Huenda walisema kweli. Huenda pia yuko mmoja mahali fulani amefungwa kamba nyuma ya kilima, nami nikiwa nimeketi nanywa chai ya mwenye kumficha. Kwa jinsi walivyokuwa wakitabasamu sitajua kamwe.

Ndipo nikamkumbuka daktari na mtungi wake.

Nilimkuta ofisini mjini, nywele zimeingia mvi, viatu vingine lakini navyo vimeshonwa. Alinikumbuka kabla sijataja jina la kijiji. "Mama wa maziwa ya mbuzi," alisema, akanivutia kiti. Nikamwambia haja yangu: nimepoteza wote, nimebaki na mmoja, nataka kupandishiwa mbegu safi. Njiani nilikuwa nimepanga kwamba nikifika nitaomba mbegu ya fahali mwingine yeyote wa Kinna, wa jirani, na siri yangu ya yule wa pili nitaimeza.

Alifungua kabati akatoa faili. Akaniambia kwa sauti ile ile ya chini kwamba mirija ya fahali wetu haipo, ilimwagwa. Nywele zilipopimwa zilionyesha ana damu ya gredi.

Nikauliza, wa jirani yangu je? Naye alikuwa na damu ya gredi. Wa yule mzee wa karibu na kisima? Naye. Nikamtajia nyumba moja baada ya nyingine, na kila nyumba jibu lilikuwa lile lile.

"Wote, mama. Kinna yote hatukupata hata mmoja safi. Tuliandika kwamba ng'ombe wa asili pale wamekwisha, tukahama."

Kumbe kila nyumba ilikuwa na kilima chake. Kumbe kicheko cha barazani kilikuwa cha watu wengi, kila mmoja akijicheka peke yake, akidhani ni yeye tu aliyewaweza wageni. Siku ile daktari anaandika kwamba wamekwisha, walikuwa hai, wananenepa vichakani, mwendo wa dakika kumi kutoka kwenye gari lake. Sasa ndio wamekwisha.

Nikamwambia. Nilimwambia yote, kilima, kamba, mti wa miiba, mpaka maneno ya baba. Nilitaka akasirike, anifukuze, nitoke na ghadhabu yangu mwenyewe. Hakukasirika. Alifunga faili polepole, akaweka mikono juu yake. Niliona kwamba kazi ya maisha ya mtu huyu nilikuwa nimeitia maji, mimi ninayerudisha mitungi ya wenzangu.

Baadaye alisema iko mirija michache ya fahali safi waliopatikana upande wa Marsabit. Michache sana. Atakuja kumwona ng'ombe wangu.

Alikuja asubuhi ya siku ya tatu, na Mungu ni shahidi, siku hiyo hiyo ng'ombe alikuwa ameanza kutaka dume. Tangu alfajiri alikuwa analia, hatulii, anazungukazunguka kamba, hali kitu. Kwa ng'ombe aliyekonda hivyo nilikuwa nimeanza kukata tamaa kama siku hiyo itafika. Fahali wa gredi wa jirani, anayezurura mtaani akila makatoni, alikuwa tayari amesimama nje ya mabati yangu anapuliza pua. Na daktari kaja na mtungi wake wa baridi nyuma ya gari. Nikasema alhamdulillahi, baba ameniombea.

Nikaanza kumtajia ukoo. Nilianzia kwa mtamba mweupe wa masikio meusi. Nilipofika kwa mwenye baka nikaona kalamu yake haijatoka mfukoni.

"Nitaandika majibu yakirudi," alisema.

Alinizunguka akaenda mkiani. Nilinyoosha mkono nimsaidie kung'oa nywele, akanizuia kwa adabu, akazing'oa mwenyewe, akatia kwenye bahasha mwenyewe, akaifunga. Akampiga ng'ombe picha kila upande. Akanisimamisha kando yake akanipiga na mimi. Akanipa karatasi nitie sahihi kwamba huyu ndiye, na si mwingine. Yote hayo nilikuwa nikiyatazama nikiyatambua. Ni mimi huyo, na mtungi wa maziwa, naweka tone kwenye ukucha.

Nilimsihi. Nilimwambia ng'ombe analia leo, kesho atanyamaza, mtungi uko hapo garini, hatua kumi tu. Nikaapa kwa Mungu, nikaapa kwa kaburi la baba.

"Mama, siku ile nilikuamini," alisema. "Mirija iliyobaki siwezi kuitumia kwa maneno."

Hakusema kwa ubaya. Ningependa angesema kwa ubaya. Aliniagiza nimzuie yule fahali wa jirani, akaniachia robota moja la nyasi kavu, akaondoka na mtungi wake.

Kutwa nzima nilisimama mlangoni na fimbo. Maziwa sikuuza. Wateja walipita wakiniuliza kama nimepata kazi ya ulinzi. Fahali akija mlangoni nampiga puani, akienda upande wa pili wa mabati nazunguka naye, na nyuma yangu ng'ombe analia, analia, mpaka sauti ikamkauka. Magharibi yalipofika alinyamaza, akaanza kula.

Majibu yalichukua wiki nyingi. Daktari hakupiga simu, alikuja mwenyewe, na safari hii alikuwa na kalamu mkononi. Ng'ombe ni safi, alisema, tena safi kuliko wengi aliowapima kwa miaka yote hiyo. Akaomba nimtajie ukoo upya. Nikamtajia, akaandika, na kwenye maziwa ya mbuzi hakuniomba nirudie, alikuwa bado anayakumbuka. Kisha akauliza ni lini alilia mara ya mwisho. Nikamwambia ni siku ile aliyokuwapo. Aliinama, akajifanya anatafuta kitu kwenye mkoba.

Amekuja mara mbili tangu hapo. Anampapasa, anasema tumbo la uzazi limelala kwa sababu ya umri na ile njaa, tumlishe, huenda likaamka. Mirija miwili ameiandikia jina la ng'ombe wangu, haimpi mtu mwingine. Yeye ananiamini sasa. Kila alfajiri kabla ya kwenda kupokea maziwa nabeba nyasi mpaka nyuma ya ploti, namwekea, nasimama kidogo kusikiliza kama atalia. Anatafuna tu.